Ulimi wa Shangazi Ngosa

Mwaka kampuni ilipowapa mkono wa kwaheri na bahasha,
wenzake wa ofisi ya mishahara walinunua Toyota za mtumba,
vinu vya kusagia mahindi, mabati.
Shangazi Ngosa alikwenda mjini, kwa Stamati Mgriki
aliyekuwa akifunga duka,
akarudi Katuba kwa teksi, katoni mbili magotini:
chupa kumi na tisa za divai tamu.
Mtaa ulicheka hadi Jumapili.

Tuna kichuguu nyuma ya nyumba, kirefu kuliko paa.
Wafyatua matofali hukitolea bei kila kiangazi.
Yeye alikitoboa ubavu kwa sururu,
akatia mlango wa bati na kufuli,
na humo ndani ubaridi ni uleule, Juni kwa Oktoba,
umeme uwepo, umeme usiwepo.
Mchwa hawali kioo, alisema.
Walikula lebo.
Nusu ya chupa sasa hazina majina,
zina namba tu, kwa rangi ya kucha.

Alifungua tatu kwa miaka minne, kila moja na sababu yake:
ubatizo, deni lililolipwa, mvua.
Kisha daktari akamwambia ana sukari.
"Sukari," alirudia njia nzima. "Mimi!
Wameshindwa hata kuutafutia jina lingine."

Tangu siku ile mimi ndiye ulimi wake.

Anakaa kwenye kiti cha plastiki, daftari pajani.
Ananusa bilauri kwanza, macho kafumba,
muda mrefu mpaka jogoo wa jirani anaona haya,
ndipo ananipa.
"Usimeze bado. Sema."
Nikasema: tamu.
"Tamu ni neno la mtoto. Tamu ya nini?"
Ya asali.
"Asali ya wapi?"
Ya msituni, upande wa Kasenga,
ambayo bado ina moshi wa waliofukuza nyuki.
Akaandika.
"Na nyuma yake?"
Ganda la chungwa
lililosahauliwa mfukoni mwa sare ya shule.
Akaandika, akapiga mstari.

Hivyo nimefundishwa kinywa changu, kijiko kwa kijiko:
munkoyo wa siku ya pili, unapoanza kujibu;
kumbikumbi waliokaangwa kwa mafuta yao wenyewe;
vumbi jekundu, dakika moja kabla ya mvua ya kwanza.

Namba saba ilinishinda.
Stamati alimweleza kwamba zabibu zake huachwa mzabibuni
zishikwe na ukungu, zisinyae, zioze,
halafu watu wazichume moja moja kama wanaotoa funza.
Mstahimilivu hula mbivu, walisema wahenga.
Hawa walistahimili hata mbivu ikapita.
Nikakaa nayo mdomoni. Nikasema: masuku.
Yale ya chini kabisa ya kikapu, yaliyopasuka,
ambayo mama muuzaji huyafunika kwa aibu
na kumbe ndiyo yenyewe.
Shangazi aliweka kalamu chini.
Alisema ni mafua.

Jana tulifungua namba kumi na mbili,
divai ya mwaka aliozaliwa, Stamati aliapa.
Kizibo kilitoka vipande vipande.
Safari hii hakunusa kwanza. Aliogopa, nadhani.
Akanipa moja kwa moja.

Ilikufa zamani. Ilichoma ufizi,
meno yakataka kuhama.
Nikamtazama, vifundo vya miguu vimevimba,
kalamu iko tayari,
nikasema: tini. Tini kavu, na kahawa,
na ubani kwenye joho la padri, na...
Hakuandika.
Alinyoosha mkono, akaichukua bilauri,
akaipitisha chini ya pua mara moja tu.

"Muongo," akasema, akanisukumia daftari.
"Andika mwenyewe: siki. Kwa herufi kubwa.
Na usiimwage. Kesho kuna kabeji."