Waliufuta Uzi

Kipya kinyemi, wanasema.
Nami nimelipa dola kumi na nne
kukitazama kidonda.

Toledo, Ohio, Ijumaa ya pili ya Februari.
Theluji imegeuka tope la chumvi kwenye maegesho.
Nimevaa fulana inayonibana tumbo,
jina la *Orlena* limechakaa kifuani
hadi herufi mbili za mwisho zimebaki doa.
Mbele yangu kijana amevaa ileile,
imechakazwa kiwandani.

Nitasema kweli: nilikuja na kesi.
Nilikuja kama wakili, ushahidi mfukoni:
kwamba Kapteni Brasko hakuwa na misuli,
alikuwa na kikohozi;
kwamba chombo hakikunguruma, kilivuma
kama friji ya mama usiku;
kwamba sayari ya mwisho ilikuwa ya kijani
kwa sababu rangi ya buluu iliwaishia,
na sisi tukaipenda kijani ile
kuliko majani yote ya Ohio.

Agosti, mwaka wa sabini na tisa. Nina miaka tisa.
Plymouth ya baba imeegeshwa uwanjani, magari safu kwa safu,
spika ya chuma imening'inia dirishani
ikisema kama mtu aliyefungiwa kwenye ndoo.
Lyle, kaka yangu, kidole kwenye kioo:
“Ona. Uzi.”
Na kweli. Juu ya chombo kilichobeba watu mia nne
mbio kuelekea ukingo wa giza,
uzi. Mwembamba. Ukimeta.
Nilimpiga ngumi ya bega.
Nikalia hadi nyumbani.
Kisha kila sehemu iliyofuata,
ya pili, ya tatu, ile mbaya ya nne,
tuliutafuta kwa macho ya mwewe:
aliyeuona kwanza hanunui bisi.

Waliufuta.
Bila shaka waliufuta. Sasa chombo kinaelea
safi kama uongo uliofanyiwa mazoezi,
na kila skrubu ina kivuli chake.
Macho yangu yalipanda yenyewe
mahali palepale,
yakakuta anga tu.
Yakarudi mikono mitupu.

Lyle hakuisubiri. Figo, Novemba ya mwaka juzi.
Aliyeketi kando yangu ni binti yake, Maren,
miaka kumi na minne, viatu juu ya kiti cha mbele,
anamaliza bisi zangu
na hajui kiti alichokalia kina mwenyewe.
“Baba mdogo,” ananong'ona, “mbona unatazama juu?”

Sikuwa na jibu la kutosha kwenye mnong'ono.

Halafu katikati, hatari imepamba moto,
rubani wao mpya, binti wa nywele fupi,
anaipiga dashibodi makofi mawili, upande wa kushoto,
na taa nyekundu inawaka.

Nikakaa wima.
Mwaka ule balbu ilikuwa mbovu, ni hilo tu.
Pesa za kurudia hazikuwepo.
Mzee yule akaizaba kwa hasira, ikawaka,
akaendelea na maneno yake.
Sasa mtu fulani, ofisini, kwa mshahara mnono,
amekesha wiki nzima akiifundisha balbu kuchelewa.
Nilitaka kucheka.
Ukumbi wote ulikuwa kimya.
Maren alikuwa ameacha kutafuna.

Si nzuri, hiyo filamu. Nisieleweke vibaya.
Dakika arobaini za mwisho ni milipuko inayolipuana,
na Brasko wao anatabasamu kama tangazo la dawa ya meno.
Kesi yangu iko palepale, sijaiondoa mahakamani.

Nje, nyuzi kumi chini ya sifuri
(hizo hakuna aliyezifuta),
gari likakataa kutupa joto.
Hita ya Buick hii ina kichwa kigumu tangu Krismasi.
Nilikuwa natafuta glavu chini ya kiti.
Maren akapitisha mkono mbele yangu, kimya,
akaipiga dashibodi makofi mawili, upande wa kushoto.

Hita haikuwaka.

Akapiga tena.