Taa Yenye Kofia

Ukitaka nyota Mbeya, usianze na nyota.
Anza na sweta mbili, chupa ya chai ya tangawizi,
na pikipiki ambayo breki zake unaziamini.
Mimi ni fundi umeme. Mchana natandaza nyaya Mwanjelwa,
nawasha saluni, maduka, mashine za kusaga;
usiku natafuta mahali ambapo kazi yangu haijafika.

Tulianzia juu ya paa la nyumba ya kupanga, mimi na Tusekile,
kitabu chake cha sayansi kimekunjwa kwenye ukurasa wa sayari.
Tukahesabu kumi na moja.
Ya kumi na mbili ilikuwa ndege inatua Songwe.

Tukapanda Loleza kwa miguu. Huko minara
ina macho mekundu yasiyojua kusinzia,
na mji chini umemwagika
kama makaa ya jiko lililopigwa teke.
Unapendeza, sikatai. Niliitambua mitaa kwa rangi ya balbu,
nikaanza kuinyooshea kidole, hii yangu, na ile yangu,
mpaka mtoto akauliza: Baba, tumekuja kutazama chini?

Uyole, malori ya Tunduma yalitupofusha.
Ngozi, miti ilishikana mikono, ukungu ukatuvaa hadi kope.
Isyesye kulikuwa na mbwa.

Julai, usiku usio na mwezi,
tukaipanda barabara ya Chunya, msitu wa Kawetire ukabaki nyuma,
tukazima injini kando ya shamba la viazi
pale ardhi inapokatika ghafla
na Usangu yote imelala huko chini, nyeusi, bila hata kibatari.
Tochi ikatupiga usoni. Mama Sekela, rungu mkononi:
"Nani?"
"Watazama nyota."
Akaimulika chupa. Akamulika mikono ya sweta inayomzidi mtoto.
"Mwizi wa viazi haji na chai," akasema,
akaizima tochi,

na giza likafunguka.

Juu palikuwa na unga, ule unaoruka mashineni
na kutua kwenye nyusi za msagaji,
umetanda kutoka mlima hadi mlima.
Nge amekunja mkia juu ya utosi wetu.
Msalaba wa kusini umeegemea upande
kama nguzo niliyoisimika vibaya nikiwa mwanafunzi.
Tusekile aliacha kuhesabu.
Sikumwona uso. Nilisikia tu meno yake yakigongana
na akikataa kurudi nyumbani.

Saa tisa Mama Sekela akatugusa kwa kiwiko.
"Kilimia hicho." Kimechomoza upande wa Usangu,
kidogo, kama ukungu wa pumzi kwenye kioo.
"Bibi yangu alikipangia mbegu. Mimi natazama simu,
na mvua inanidanganya vilevile."

Mwaka uliofuata nguzo zikafika.
Kazi nikapewa mimi: zahanati, chumba cha kuzalia,
kile ambamo mwezi wa tatu Mama Sekela
aling'ata simu kwa meno imulike,
mikono yote miwili ikimshika binti yake,
nesi akimpokea mjukuu kwa mwanga wa asilimia nne.
Nani aombe giza mbele ya mlango ule?
Nilivuta waya. Nilivuta vizuri kuliko siku zote.

Ila taa ya nje niliitazama mara mbili.
Nikakata debe la mafuta ya kula,
nikalikunja gotini, nikalipiga misumari minne,
nikaivisha taa kofia.
Mwanga ukaanguka kwenye ngazi tatu, kwenye kizingiti,
kwenye miguu ya anayekuja na uchungu,
ukaishia hapo.
Msimamizi akauliza, na hili debe?
"Mvua," nikamwambia.

Basi ukitaka, nenda. Ipe zahanati mgongo,
tembea hatua mia mbili kuelekea ukingoni, usifike ukingoni.
Yape macho dakika ishirini, hayapendi kuharakishwa.
Sweta ile sasa inamtosha Tusekile.
Na ukisikia "Nani?" gizani,
jibu upesi, na uinue chupa.