Miaka Isiyoandikwa

Shule ya Jumapili, Kiboriloni. Mvua imeng'ang'ania bati.
Nimefika pale mama anapomkuta hekaluni
siku ya tatu, miguu imemvimba kwa kutafuta,
na Anaeli wa fundi seremala ananyoosha mkono:
"Mwalimu, alichapwa?"

Haikuandikwa, nasema.
"Na alipokuwa na miaka saba, aling'oka jino?
Alipofika kumi na mitano, sauti ilimpanda na kumshuka?"
Nafunua. Msitari mmoja tu: alikua.
Nafunua tena, tayari ni mtu mzima,
yumo mtoni, amelowa.

Jumatatu jioni napita Pasua kuulizia kitanda.
Anaeli yumo karakanani,
kashika upande wa pili wa msumeno,
maranda yamemjaa nywelini.
Baba yake hasemi neno.
Anakisogeza kidole gumba cha mwanawe,
kidogo tu,
kisiliwe na meno.
Mlima umejifunika. Mninga unanukia.
Msumeno unakwenda, unarudi.

Kitanda, nimesahau kukiulizia.
Nilisimama pale mlangoni, mwavuli unachuruzika,
nikisoma.