Kesi Namba Moja, Kidato cha Pili B

Hakimu ni Mkunde. Joho lake, pazia la maabara;
nyundo yake, dasta: akigonga
chaki inapanda hadi kwenye nyusi.
"Kimya mahakamani! Na wewe Chambuso, tema bigijii."

Mshtakiwa, mwenye kiwanda cha rangi, ni huyo huyo Chambuso,
tai ya babake inamfika magotini.
Shahidi wa kwanza: Mto Msimbazi.
Nafasi hiyo alipewa Semeni
kwa kuwa hakunyoosha mkono kukataa.

"Mheshimiwa," mshtakiwa anajitetea,
"ningejua maji yatafika Kigogo, nisingalimwaga."
Mwalimu Lukindo anainuka nyuma ya darasa:
"Pingamizi! Nge kwa nge, ngali kwa ngali.
Nge, mlango bado u wazi.
Ngali, umeshafungwa, na ufunguo umezama."
Tunaandika. Kalamu zinakwaruza.

Kisha Mto unasimama. Unashika kizimba
(madawati mawili na fimbo ya ufagio),
unanyamaza, unanyamaza,
mpaka wa nyuma wanaanza kucheka.

"Ningalikuwa na njia," Semeni anasema,
"nisingalipita chumbani kwetu.
Nisingalichukua godoro. Madaftari.
Nisingalimchukua bibi."

Hakuna kosa la sarufi.
Mwalimu anatafuta miwani aliyoivaa.

Dasta ya Mkunde imebaki hewani.
Kengele ya mapumziko inalia, hatutoki.
Chambuso amevua tai. Anauliza polepole,
akichagua silabi kama avukaye kwa mawe:

"Na ningeacha leo?"