Nondo

Wáshington Bentancur hubeba robota la sufu
peke yake, begani, kilo tisini na ushei,
huku akipiga mluzi.
Nimemwona kwa macho yangu, mnadani Trinidad,
akimzuia fahali kwa kiganja,
na fahali akatii.

Jumanne ile alikuwa ameshika ngazi yangu.
Nilikuwa juu, safu ya tano, nakata kamba
ya robota lililolala ghalani tangu kondoo waliponyolewa mwaka juzi.
Akatoka mmoja.
Mmoja tu, rangi ya vumbi,
mwepesi kuliko jivu la sigara,
nondo wa sufu, hana jino hana mwiba,
akashuka akiyumba kama mlevi anayetafuta tundu la ufunguo.

Nikasikia ukelele. Nilidhani ni mtoto.
Kisha ngazi haikuwa na mtu.

Daktari alinionyesha picha:
mfupa wa juu wa mkono, vipande viwili na kibanzi.
"Tutatia nondo," akasema, "ya chuma. Itakaa humo humo."
Nikacheka mpaka nesi akadhani dawa imenipanda kichwani.

Nacheka, lakini msinione mwema.
Wiki sita nilioga kwa mkono mmoja.
Sidiria nilifungwa na mwanangu wa kiume,
uso ameuelekeza ukutani, maskini, vidole vinamtetemeka.
Wáshington alileta keki ya mama yake, akaiacha kwa jirani.
Samahani haiungi mfupa,
kamwambie hivyo, nilimwambia jirani.
Keki niliila.

Halafu nikasikia ya kiwandani:
kwamba walimkatia nondo wa karatasi,
wakamning'iniza kwa uzi ndani ya kabati lake la nguo,
wakakaa kando kungoja.
Alitapika kwenye viatu vyake mwenyewe.
Hapo hasira yangu ikahama nyumba.

Bi Etcheverry alituita ofisini. Faili mbili mezani.
Afukuzwe? Apelekwe getini?
"Wewe ndiye uliyeumia. Sema."
Kana kwamba kuvunjika mkono
kunampa mtu uhakimu.
Nikamgeukia. Aliyeumwa na nyoka hushtukia ung'ongo,
wewe nondo alikuuma wapi?
Akatazama mikono yake, ile mikubwa.
"Sijui, Zulma. Ningepajua
ningekwisha mwonyesha mtu."

Basi nikasema. Asishike ngazi ya mtu.
Marobota ya zamani yafunguliwe uani, kabla ya zamu yake.
Ngazi zote zifungwe mnyororo,
maana hata asiyeogopa kitu hupiga chafya.
Na huyo fundi wa karatasi ajitaje.
(Mpaka leo hajajitaja. Namjua. Tunakula meza moja.)

Kila Alhamisi Wáshington hupanda basi la alfajiri
kwenda Montevideo, kwa daktari wa hofu.
Wiki ya kwanza aliandikiwa neno tu, kwenye kadi,
alitazame. Jasho lilimtiririka hadi soksi.
Wiki ya nne, mchoro wa penseli: bawa moja.
Sasa wamefika kwenye chupa ya kioo,
tupu, ina kifuniko, imewekwa dirishani,
na yeye hukaa nayo dakika kumi
wakijuana.

Jana ilinyesha, chuma kikaniuma kwa ndani.
Akaniona nikiusugua mkono.
"Naweza?" akauliza,
akaweka vidole viwili juu ya sweta
pale kovu linapoanzia.
Humu ndimo ilimo, nikamwambia. Itaje.

Lori likaingia, likashusha, likaondoka.

"Non," akasema.

Akafuta midomo, akaenda kubeba.

Ni nusu, nimeipokea.
Ila nikipanda ngazi namwita Nelba.