Yako, Yangu

Kapteni Mghanga, shikamoo.
Najua husikii. Daktari amekutia pamba
masikio yote mawili, akaniambia niandike,
basi naandika nyuma ya kadi ya ukaguzi,
ile ile, yenye alama ya kidole chako
iliyokataa sabuni.

Miaka miwili nimekuamkia kila alfajiri
kabla ya injini, kabla ya chai,
ukanijibu marahaba macho yako yakiwa kwenye geji ya mafuta.
Sikuwahi kukukatiza.
Uliposema kuna mawingu, yalikuwepo.
Uliposema hakuna, niliyaona
nikanyamaza.

Siku ile tulikuwa tunashuka.
Chumvi ya Gongoni ilikuwa upande wangu, miraba myeupe,
Sabaki unamwaga tope lake baharini
kama mtu anayemwaga maji ya kufulia,
nami nilikuwa natafuta bati la shangazi, kule Ganda
(hili sikuliandika kwenye ripoti).

Wanasema korongo aligonga kioo.
Mimi nasema aliingia, bila hodi,
na upepo nyuma yake ukayala maneno yote.
Hedifoni zako ziling'oka.
Damu yako haikushuka, ilikwenda nyuma,
ikachora mstari mpaka mlangoni.
Sikujua damu inaweza kwenda nyuma.

Chuoni walitufunza: anayeachia aseme yako,
anayepokea aseme yangu,
na kabla ya hapo asishike mtu.
Wewe hukusema. Mikono yako ilibaki kwenye usukani
ikivuta kushoto, mimi navuta kulia,
mikono minne na ndege moja.

Nikasema yangu.
Nikasema tena, yangu, samahani Kapteni, yangu.
Hebu fikiria. Samahani!
Futi elfu tatu, kioo hakipo,
nami naomba radhi
kama niliyemkanyaga mgeni mkekani.

Kengele ya nyuma ililia mara mbili. Kisha ya tatu.
Alikuwa Zamzam, bega limeteguka,
amekaa sakafuni kando ya mkokoteni wa soda
anabonyeza kitufe kwa kisigino.
Mbili tulikuwa tumekubaliana. Tatu, hapana.
Nilipomuuliza jana alisema: tatu ilikuwa
*semeni kitu*.

Nilikupiga.
Kwenye ripoti nimeandika "nilimgusa".
Nilikupiga kifundo cha mkono, nikapaza sauti: Richa!
neno la bibi yangu
kwa mbuzi walioingia mahindini.
Ukanigeukia kwa jicho moja.
Vidole vikaachia kimoja kimoja
kama mtu anayerudisha chenji ambayo si yake.

Kisha ndiyo hii ambayo hakuna fomu inayoiuliza.
Upepo ulikuwa umenijaza machozi, saa zote mbele yangu
zilikuwa ukungu.
Na wewe, mgongo umeulaza, shavu limefunguka,
ukaniwekea mkono karibu na uso:
kidole kimoja. Viwili. Ngumi.
Mia moja na ishirini.
Kimoja, kimoja, vitano.
Nani alitufundisha kwamba ngumi ni sufuri?
Uliendelea kuhesabu hata magurudumu yaliposhika lami,
hata tulipokuwa tumesimama,
lori la zimamoto linakuja na wewe bado umekunja ngumi
unaniambia sufuri, sufuri, sufuri.

Abiria walipiga makofi.

Sasa umechukua kalamu, umeniandikia
kwa mwandiko wa mtoto wa darasa la pili:
*Ulisema nini pale? Niliona mdomo tu.*
Nimeandika: nilisema samahani.
Nimefuta.
Nimeandika: richa.
Wewe ni Mtaita, lakini umelielewa,
umecheka kwa upande usioshonwa
mpaka muuguzi akachungulia.

Halafu umeuliza nani aliosha kiti chako.
Mimi, Kapteni. Kwa brashi ya kucha, mpaka adhana ya magharibi.
Kuna unyoya bado kwenye kifungo cha mkanda.
Umekwama. Niliuacha.