Mtambo Uliochechemea

Mama alitoka kiwandani Enschede mwaka sabini na tatu
na masikio mawili yasiyo na kazi.
Mitambo mia nne ya kufumia katika ukumbi mmoja,
miaka kumi na tisa,
na hakuna aliyempa hata kipande cha pamba cha kuziba,
ilhali pamba ilimjaa hadi kwenye kope.

Kiwanda kilipokufa mitambo iliuzwa kwa kilo.
Wakaacha vumbi, madirisha,
na soketi moja iliyo hai.
Sisi tukaiona ile soketi.

Aldert alikuwa na gitaa la nyuzi tano.
Gerlof alikuwa na kinanda cha umeme alichokiunda
kwa redio mbovu na mlango wa kabati.
Roelien aliimba kama mtu anayesoma mita ya gesi.
Mimi nilipewa mashine ya ngoma
kwa kuwa mpiga ngoma wetu alioa.

Usiku wa kwanza mvua ilipenya darini, ikaingia kwenye swichi:
mwanga wa buluu, kisha giza.
"Natte Zekering," akasema Roelien gizani.
Fyuzi iliyolowa.
Jina likabaki. Harufu nayo ikabaki.

Jumamosi moja mama alituletea supu ya njegere.
Akatua sufuria, akaweka kiganja juu ya spika.
Sikio la kufa halisikii dawa;
la mama lilihamia mkononi.
"Uongo," akasema, kwa sauti ile kubwa ya viziwi.
"Mtambo hauendi hivyo. Mtambo unachechemea."
Akagonga meza:

ta, ta, ta —
   ta.
ta, ta, ta —
   ta.

Pigo la nne huchelewa, akasema,
kwa sababu uzi wa mshindio huvuka mtande kisha urudi,
na kurudi ni mbali kuliko kwenda.

Nilikesha siku tatu na vile vifungo,
nikiifundisha kuchechemea mashine
iliyoundwa na watu wenye miguu sawa.

Kaseti mia tatu. Majalada tuliyakunja jikoni kwetu.
Wakosoaji wa Amsterdam waliandika:
"baridi ya kizazi kilichokata tamaa."
Hawakujua kwamba ni mama yangu.
Groningen, Nijmegen, Gent. Tukitoka Berlin
askari wa mpakani alikifungua kinanda cha Gerlof
akitafuta mtu ndani.

Kisha akaja bwana wa Hilversum, viatu vyeupe, mkataba.
"Nyoosheni hilo pigo," akasema, "watu wacheze."
Tukalinyoosha.
Wimbo ukapanda hadi nafasi ya thelathini na moja,
ukakaa wiki mbili, ukashuka bila kuaga.
Mama aliugusa mara moja, akaondoa mkono.
"Huyu," akasema, "hajawahi kuchoka."

Hatukugombana.
Gerlof alipata kazi ya bima Apeldoorn,
na barua yake ilifika pamoja na bili ya umeme.
Roelien akaenda kutafsiri kanuni za mamlaka ya maji.
Aldert aliuza gitaa, akabaki na mkoba wake,
akawa anabebea samaki.

Mama alifariki mwaka tisini na sita, mwezi wa pili.
Mashine ilikuwa kabatini, chini ya mablanketi.

Miaka ishirini na miwili baadaye kijana wa Osaka
aliiandikia anwani iliyo nyuma ya kaseti.
Anwani ilikuwa bado yangu.
Akatoa santuri, mia tano, zikaisha kwa siku nne,
na tukaitwa kupiga tena, ukumbi uleule,
sasa una mkahawa na sakafu inayopashwa moto.

Mlangoni waligawa vizibo vya masikio,
vya njano, bure, mtu yeyote achukue.
Nilichukua viwili.
Sikuvivaa. Nilivitia mfukoni.

Nikawasha mashine.
Gerlof, mvi tupu, aliingia mapema kwenye pigo la nne,
kama mtu anayewahi treni.
Nikamtazama, nikamwambia kwa midomo tu, bila sauti,
jinsi tulivyozoea kusema nyumbani:

subiri,
bado unarudi.